Ujenzi Uliokwama Wakati wa Janga: Haki na Wajibu wa Mlaji Anayejenga Nyumba

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 amegundulika nchini. Siku iliyofuata ikatangazwa kuwa shule zinafungwa, na mwezi Aprili safari za ndege za kimataifa zikasimamishwa kwa muda. Hata hivyo, Tanzania haikutoa amri ya wananchi kubaki majumbani, wala haikuamuru shughuli za ujenzi zisimame. Kwa mlaji aliyekuwa akijenga nyumba Kahama, Shinyanga, Geita au Katoro, jambo hili lina uzito mkubwa kuliko yote yatakayoelezwa katika sura hii, kwa kuwa ndilo linaloamua madai mengi yaliyozaliwa katika kipindi hicho.

Katika miezi ile mafundi wengi waliondoka kwenye maeneo ya ujenzi, nyumba zikabaki maboma. Walipoulizwa, jibu lilikuwa moja: ni korona. Wateja nao waliochelewa kulipa walijibu vivyo hivyo. Pande zote mbili zilidhani kuwa janga, kwa kuwapo kwake tu, linamwachia mtu huru kutoka katika ahadi yake. Sheria haisemi hivyo.

Sheria inasema nini

Mikataba nchini husimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kanuni yake ya msingi, iliyomo katika kifungu cha 37, ni kwamba kila upande utekeleze ulichoahidi. Kifungu cha 56 kinatoa nafuu ndogo: ikiwa baada ya kufunga mkataba kazi iliyoahidiwa inakuwa haiwezekani, au inakuwa kinyume cha sheria kwa sababu ya tukio ambalo mtoa ahadi hakuweza kulizuia, mkataba unabatilika tangu wakati huo. Neno la kuzingatia ni «haiwezekani». Kazi iliyokuwa ngumu zaidi, yenye gharama zaidi au yenye faida ndogo kuliko ilivyotarajiwa bado ni kazi inayowezekana.

Mfano unaotajwa mara nyingi na wanasheria ni wa Uingereza, uliofika mbele ya mahakama ya juu ya nchi hiyo mwaka 1956. Kampuni ya Davis ilikuwa imeahidi kuijengea halmashauri ya Fareham nyumba 78 kwa miezi 8. Mafundi walikuwa adimu baada ya vita, vifaa navyo vilichelewa, na kazi ikachukua miezi 22. Kampuni ilidai kuwa hali imebadilika kiasi kwamba mkataba wa awali umekufa, hivyo ilipwe gharama halisi badala ya bei ya makubaliano. Mahakama ilikataa, ikasema kuwa ugumu na hasara peke yake haviui mkataba. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini husomwa na kuzingatiwa, na hoja hii inalingana na maneno ya kifungu chetu.

Kwa hiyo fundi anayesema «korona ilinizuia» anatakiwa kueleza zaidi. Ilimzuia vipi? Aliugua yeye mwenyewe? Kwa siku ngapi? Je, vibarua wake walikataa kuja, na alijaribu kutafuta wengine? Kuna kifaa ambacho hakikupatikana kabisa, au kilipatikana kwa bei ya juu? Fundi mwashi aliyelazwa wiki tatu ana sababu ya kuongezewa wiki tatu. Hana sababu ya kutoweka miezi sita.

Mlaji naye apimwe kwa kipimo hichohicho. Ukanda huu ulionyesha kwamba janga moja linaweza kuwaathiri majirani kwa namna zinazopingana. Mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulisimamisha uzalishaji Aprili 2020 na kurejea mwaka 2021. Waliotegemea kipato cha mgodi huo walipungukiwa. Kwa upande wa dhahabu, bei katika soko la dunia ilivuka dola 2,000 za Marekani kwa wakia mwezi Agosti 2020, na mahali kama Geita fedha ilipatikana kwa wingi kiasi cha mafundi kugombewa. Mteja wa kwanza alipungukiwa fedha. Mteja wa pili alikimbiwa na fundi aliyepata kazi yenye malipo bora. Hakuna kati ya mambo hayo mawili yanayoufanya mkataba usiwezekane. Upungufu wa fedha ni sababu ya kuomba muda, na ombi hilo linafaa kufanywa mapema, kabla ya fundi kumaliza hatua anayotakiwa kulipwa.

Bei ya saruji ni ya nani?

Novemba 2020 saruji iliadimika na bei yake ikapanda sana, hadi Waziri Mkuu akaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Kanda ya Ziwa iliumia zaidi kwa kuwa saruji nyingi hufika huku baada ya safari ndefu ya barabara. Mwishoni mwa mwaka 2021 ukaja mzigo mwingine: kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima katika muda mfupi. Saruji, nondo, mbao na mafundi vikahitajika kila halmashauri kwa wakati mmoja. Watoto walipata madarasa. Mwenye nyumba binafsi akakuta fundi wake yuko shuleni.

Nani abebe ongezeko la bei inategemea aina ya makubaliano. Ikiwa fundi alichukua ufundi peke yake na mteja ananunua vifaa, ongezeko la bei ya vifaa ni la mteja, na fundi hawezi kulaumiwa kwa siku ambazo saruji haikuletwa. Ikiwa fundi alikubali bei moja kwa kazi na vifaa, ongezeko ni lake, isipokuwa mkataba uwe na kifungu cha kurekebisha bei. Watu wengi wa ukanda huu hufunga mkataba wa aina ya pili huku wakiutendea kama wa kwanza: bei ni moja, lakini kila wiki mteja anaombwa «aongezee kidogo» kwa simu. Kila nyongeza inayotumwa bila maelezo huja kuwa ushahidi dhidi ya aliyeituma, kwa kuwa itadaiwa kwamba alikubali bei mpya.

Tofauti ya shilingi milioni moja na nusu

Chukulia mfano wa mwalimu wa Kahama. Februari 2020 alikubaliana na fundi amjengee nyumba kwa shilingi milioni 18, kazi na vifaa, ikamilike tarehe 30 Juni. Alikuwa amelipa milioni 11 fundi alipofikia lenta mwezi Aprili na kuondoka. Mkadiriaji majenzi alipima kazi iliyofanyika akaona ina thamani ya milioni 8 kwa bei za mkataba. Kazi iliyobaki, ambayo kwa mkataba ilikuwa milioni 10, fundi wa pili aliimaliza kwa milioni 11.5.

Kama mkataba ulibatilika kwa kuwa kazi haikuwezekana, kifungu cha 65 kinamtaka kila upande urejeshe faida uliyoipata. Mwalimu alilipa milioni 11 akapata kazi ya milioni 8, hivyo anarudishiwa milioni 3. Lakini kama mkataba ulivunjwa na fundi, kifungu cha 73 kinampa fidia ya hasara itokanayo na uvunjaji huo. Mwalimu ametumia jumla ya milioni 22.5 kwa nyumba aliyoahidiwa kwa milioni 18, hivyo anadai milioni 4.5. Tofauti kati ya madai hayo mawili, milioni 1.5, ndiyo thamani ya neno «korona» katika mgogoro huu. Ndiyo sababu kila upande hulivuta kwake.

Kodi ya chumba alichoendelea kupanga baada ya Juni nayo yaweza kudaiwa, iwapo fundi alijua tangu mwanzo kuwa mwalimu anajenga ili ahame. Kile asichoweza kudai ni hasara ambayo angeweza kuizuia. Mvua za ukanda huu huanza kuelekea mwisho wa mwaka. Boma la tofali mbichi lililoachwa wazi hadi Desemba huliwa na mvua, na mahakama itauliza kwa nini mwenye nyumba hakulifunika au kumwita fundi mwingine mapema. Kwenye mbuga za udongo mweusi hali ni mbaya zaidi, maana udongo huo huvimba na kusinyaa, na msingi uliosimama bila kukamilika hupasuka kwa mwaka mmoja tu.

Andika kabla hujakasirika

Mkataba wa mdomo unatambuliwa na sheria, ila kuuthibitisha ndiko kugumu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo usifute mazungumzo na fundi hata kama yanakuudhi. Tunza risiti za duka la vifaa na kumbukumbu za malipo ya simu. Piga picha za jengo kila hatua inapomalizika, na siku fundi anapoacha kazi, lipige picha lote pamoja na vifaa vilivyobaki. Hesabu mifuko ya saruji, nondo na bati mbele ya mwenyekiti wa mtaa au jirani, kisha wote mtie saini.

Baada ya hapo peleka barua. Yaweza kuwa fupi kama hii:

«Ndugu Fundi, kwa makubaliano yetu ya tarehe 10 Februari, nyumba ilipaswa kukamilika tarehe 30 Juni. Tangu tarehe 20 Aprili hujafika kwenye ujenzi. Naomba ndani ya siku 14 unijulishe kwa maandishi kilichokuzuia na tarehe utakayorejea. Usiporejea, kazi iliyofanyika itapimwa, nyumba itamaliziwa na fundi mwingine, na nitakudai tofauti ya gharama. Ukirejea nitakupokea, lakini nahifadhi haki yangu ya kudai fidia ya ucheleweshaji.»

Sentensi ya mwisho si mapambo. Kifungu cha 55 kinasema kuwa, pale ambapo muda ni sehemu ya msingi ya mkataba, anayekubali kazi ifanyike baada ya muda uliopangwa hawezi kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa wakati anaikubali awe ametoa taarifa kwamba atadai. Walaji wengi hupoteza haki hii kwa furaha ya kumwona fundi amerudi.

Fundi akirudi, kaeni mwandikiane upya: tarehe mpya, bei mpya kama ipo, kilicholipwa, kilichobaki, na kwamba masharti mengine yanabaki vilevile. Ukurasa mmoja wenye saini mbili na mashahidi wawili unatosha. Kwa uzoefu wa migogoro ya aina hii, makubaliano hayo mapya huwa na faida kwa mlaji kuliko kesi, hata pale anapolazimika kukubali nyongeza fulani ya bei. Fundi anayelijua jengo lako na aliyepunguziwa mzigo atamaliza. Fundi aliyeshtakiwa mara nyingi huuza vifaa vyake na kuhama, na katika ukanda wa machimbo kuhama ni jambo la siku moja.

Usizuie mashine ya fundi ya kuchanganyia zege wala zana zake nyingine, kwani unaweza kugeuka kuwa mshtakiwa. Usitegemee pia Polisi wakusanye deni. Polisi wanahusika pale penye jinai, mfano mtu aliyepokea fedha kwa kujifanya mkandarasi aliyesajiliwa. Kuchelewesha kazi ni suala la madai.

Wapi pa kupeleka lalamiko

Uliza kwanza uliyempa kazi ni nani. Mkandarasi aliyesajiliwa yuko chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mhandisi ana bodi yake, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana yao. Bodi hizi zinaweza kumchukulia hatua mwanachama wake, lakini hazikurudishii fedha zako. Fundi wa mtaani asiyesajiliwa hayumo katika daftari lao.

Baraza la Taifa la Ujenzi husaidia kutatua migogoro ya mikataba ya ujenzi kwa upatanishi na usuluhishi. Njia hii inafaa kwa majengo makubwa, mathalani nyumba ya wageni au maduka, ambako mkataba una kifungu cha usuluhishi. Ukisaini mkataba wenye kifungu hicho na kisha ukaenda moja kwa moja mahakamani, mwenzako anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi hadi usuluhishi ufanyike chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020.

Kwa deni la kawaida la nyumba ya kuishi, Mahakama ya Mwanzo ndiyo mlango wa karibu, madai yakiwa ndani ya kiwango chake. Karani atakueleza kiwango hicho. Baraza la Ardhi si mahali pake, ingawa wengi hulikimbilia kwa kuwa nyumba imejengwa juu ya kiwanja. Mgogoro na fundi hauhusu umiliki wa ardhi. Asiye na uwezo wa kulipia wakili anaweza kusaidiwa na watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itamwelekeza.

Ikiwa tatizo ni kifaa na si fundi, njia ni nyingine. Bati lililouzwa kwa geji lisiyo yake ni suala la Shirika la Viwango. Mfuko wa saruji uliopungua uzito ni wa Wakala wa Vipimo. Tangazo la kupotosha ni la Tume ya Ushindani.

Fundi akifariki

Hili lilitokea, na familia nyingi ziliona haya kulizungumza. Kazi iliyotegemea ujuzi wa fundi mwenyewe inakoma kwa kifo chake. Watoto wake hawawezi kulazimishwa kuja kujenga. Fedha alizopokea bila kuzifanyia kazi, hata hivyo, ni deni la mirathi, na hudaiwa kwa msimamizi wa mirathi baada ya kuteuliwa na mahakama. Wasilisha kumbukumbu zako kwake kwa utulivu baada ya msiba. Usimdai mjane wala usichukue mali nyumbani kwa marehemu. Vivyo hivyo, mteja akifariki, fundi anaidai mirathi malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Mkataba wa leo

Aliyesaini mkataba Januari 2020 angeweza kusema kuwa hakutarajia janga. Aliyesaini baada ya hapo hawezi kusema hivyo kwa urahisi. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera, jirani kabisa na Chato. Mlipuko ulitangazwa kumalizika mwezi Machi, lakini ulitosha kuonyesha kuwa mlaji wa Geita anayejenga sasa anapaswa kuandika nini kitafanyika ugonjwa ukizuka.

Mikataba mikubwa ya kimataifa inatoa mfano. Ule wa FIDIC wa mwaka 1999 unataja uhaba usiotarajiwa wa watu au vifaa unaotokana na mlipuko wa maradhi kuwa sababu ya mkandarasi kuongezewa muda, na sharti lake ni kwamba atoe taarifa ndani ya siku 28. Anapata muda, si fedha. Kwa nyumba ya kawaida inatosha kuandika kwamba fundi au mteja akizuiwa na ugonjwa wa mlipuko au amri ya Serikali atatoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 7, muda utaongezwa kwa siku zilizothibitika kupotea, na kizuizi kikipita siku 60 kila upande unaweza kuvunja mkataba baada ya kazi kupimwa na hesabu kufungwa. Andikeni pia bei ya mfuko wa saruji na ya nondo siku ya kusaini, na ni kupanda kwa kiasi gani kutakakofungua mazungumzo ya bei.

Malipo yafuate hatua: msingi, boma hadi lenta, kupaua, kisha plasta na umaliziaji. Katika kila hatua kilicholipwa kisizidi kilichojengwa. Mwalimu wa mfano wetu alitangulia kwa milioni 3, na milioni hizo tatu ndizo zilizompa fundi nafasi ya kuondoka bila kugeuka nyuma.

Kwa migogoro ambayo haijamalizwa, kumbuka ukomo. Madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Mkataba uliovunjwa Novemba 2020 unafikia ukomo wake Novemba 2026. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake kabla ya muda huo kwisha, hesabu ya miaka 6 inaanza upya tangu siku alipokiri.